Baa Zilipofunguliwa: Pombe na Afya Yetu Baada ya Marufuku

Maneno yaliyosemwa mbele ya wananchi wa Midia



Tumeombwa tuzungumze juu ya pombe, na bila shaka wapo waliotarajia tuje na vifungu vya sheria na viwango vya faini. Leo hatukuvibeba. Tumekuja kuzungumza juu ya afya. Wapo watakaouliza polisi wanajua nini juu ya afya, nalo ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba panapokuwa na pombe mbaya, polisi na mganga huitwa kwenye nyumba ileile, na mara nyingi wote wawili huitwa wakati umekwisha pita.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokwenda. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, baa zilifungwa nchini Uganda kote. Masoko yalibanwa, shule zikafungwa, ibada zikasimama, mpaka ukawekewa ulinzi. Kadiri muda ulivyopita, kimoja baada ya kingine kililegezwa, lakini baa zilibaki mwishoni mwa mstari. Hata shule zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022, baa zilisubiri wiki mbili zaidi, hadi tarehe 24 Januari, siku ambayo amri ya kutotoka nje usiku nayo iliondolewa. Ilikuwa miezi ishirini na miwili.

Ni vema tuseme kwa usahihi kile kilichokatazwa. Uganda haikupiga marufuku pombe. Ilipiga marufuku mahali pa kuinywea. Viwanda viliendelea kutengeneza, na maduka yaliendelea kuuza. Mtu aliyezoea kunywa hakulazimika kuacha, alilazimika kuhama. Naye alihama kutoka benchi la baa, penye watu wa kumwona na mwenye baa wa kumwambia imetosha, akaenda jikoni kwake, au nyuma ya nyumba ya jirani, mlango ukiwa umefungwa na taa imepunguzwa. Watoto ambao hapo awali walimwona baba akirudi amelewa, sasa walimwona akilewa. Mama ambaye zamani alipata saa tatu au nne za utulivu jioni, zilimtoka. Wengi wenu mnayajua haya kuliko tunavyoyajua sisi, kwa sababu malalamiko ya nyumbani hayafiki kituoni yote.

Afrika Kusini ilichukua njia nyingine, na inafaa tuitazame, kwa kuwa wao walikataza kweli. Tarehe 27 Machi 2020 uuzaji wa pombe ulisimamishwa nchi nzima. Uliruhusiwa tena tarehe 1 Juni, ukasimamishwa Julai, ukaruhusiwa Agosti, ukasimamishwa tena mwishoni mwa Desemba. Kufunga huko na kufungua kuliwapa madaktari wao nafasi ya kuona jambo ambalo kwa kawaida halionekani wazi. Pombe ilipofungwa, wodi za majeruhi zilipungukiwa na watu. Ilipofunguliwa, waliochomwa visu, waliogongwa na magari na waliopigwa majumbani walirudi ndani ya siku chache. Watafiti wa huko waliohesabu vifo vya ajali na vya ugomvi waliona vikipungua waziwazi katika majuma ya marufuku kamili. Lakini katika majuma hayohayo mananasi yaliadimika sokoni, maana watu walikuwa wakipika pombe ya mananasi majumbani.

Tunayataja haya ili tusidanganyane kwa upande wowote. Anayesema marufuku haina faida yoyote, wodi za Afrika Kusini zinamkanusha. Anayesema marufuku humaliza pombe, mananasi yanamkanusha. Sisi huku tulipata nusu ya faida na madhara yote. Barabara zilitulia usiku kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kutembea, na wakati huohuo unywaji ukaota mizizi majumbani.

Kisha ikafika siku ile ya Januari 2022. Wengi walidhani kwamba baa zikifunguliwa, jikoni zitarudia kazi yake ya kupika chakula. Haikuwa hivyo. Aliyejifunza katika miezi ile kuuza waragi dirishani hakuona sababu ya kuacha, na mnunuzi aliyezoea bei ya dirishani hakuona sababu ya kurudi kwenye bei ya baa. Baa zikarudi na dirisha likabaki. Juu ya hayo, usiku ulikuwa umefunguliwa, na boda boda zilikuwa barabarani tena, nyingine zikiendeshwa na vijana waliotoka kunywa, zikibeba abiria waliotoka kunywa, kwenye barabara zisizo na taa. Hilo mmeliona wenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hasa limetuleta.

Mwezi Agosti 2022, miezi saba baada ya baa kufunguliwa, watu walianza kufa katika Jiji la Arua na katika wilaya jirani ya Madi-Okollo. Walikuwa wamekunywa jini. Waliofariki walizidi kumi, na wengine walilazwa. Jini ile haikutoka kwenye chungu cha kijijini wala kwenye jerikeni lisilo na jina. Ilikuwa kwenye chupa, ina kifuniko, ina karatasi yenye jina na rangi nzuri. Hapo ndipo penye somo, kwa sababu kwa miaka mingi tumekuwa tukiambiana kwamba hatari ni pombe ya kienyeji, na usalama ni pombe ya chupa.

Sumu ambayo hutajwa katika vifo vya namna hii huitwa methanoli. Tuieleze kwa lugha ya kawaida. Pombe inayolevya, iwe ya bia, ya kwete au ya waragi, ni ethanoli. Methanoli ni ndugu yake wa karibu. Hutumika viwandani, katika rangi, katika viyeyushi, katika mafuta ya kuwashia. Haina rangi, na ladha na harufu yake haziwezi kumjulisha mnywaji kwamba hii siyo ile. Hulevya kama ile nyingine. Tofauti huanza baadaye, ndani ya ini, ambako mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho na kuharibu damu. Mililita 10 tu, kiasi cha vijiko viwili vya chai, zaweza kumpofusha mtu mzima. Mililita 30 zaweza kumuua.

Kwa kawaida methanoli haitoki kwenye mahindi wala muhogo wa bibi. Upishi wa nafaka na mihogo hutoa kiasi kidogo sana. Hatusemi kwamba waragi wa nyumbani ni salama. Ni mkali mno, hakuna apimaye ukali wake, na tumekuta umewekwa katika madumu yaliyokuwa na dawa za mimea. Lakini vifo vya watu kumi, ishirini, thelathini kwa pamoja, mara nyingi asili yake ni mfanyabiashara aliyenunua kemikali ya kiwandani kwa bei ya chini, akaongeza maji na harufu ya tunda, akaipa chupa na jina. Hilo si kosa la ukosefu wa elimu. Ni uuaji wenye hesabu ya faida, na juu yake hatuna huruma.

Nchi yetu ilikwisha onywa. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa wilayani Kabale kwa waragi wenye methanoli. Na majirani zetu Wakenya wana historia inayotugusa zaidi, kwa kuwa wao waliondoa marufuku kwa sheria. Chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1980. Miaka thelathini polisi waliwakimbiza wapishi mabondeni, na miaka thelathini chang'aa ilinywewa. Mwaka 2010 bunge lao likapitisha sheria mpya: chang'aa ikaruhusiwa, ila kwa leseni, katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, yenye onyo la afya, na baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Nia ilikuwa njema: kitu kitoke gizani kionekane, kipimwe. Hata hivyo, mwezi Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa katika kaunti kadhaa kwa muda wa siku chache, na wengine wakabaki vipofu, kwa kinywaji kilichokuwa na methanoli. Ruhusa ilikuwapo kwenye karatasi, lakini mtu wa kupima kilichomo ndani ya chupa hakuwapo pale chupa ilipokuwa. Wenye tamaa waliitumia ruhusa kama kivuli.

Sisi wenyewe tulikuwa na sheria ya mwaka 1965 iliyomtaka anayepika enguli awe na leseni. Ulizeni wazee waliopo hapa ni wangapi waliowahi kuiona leseni hiyo. Tunawaona mnacheka.

Tuseme sasa juu ya saa. Mtu amekunywa jioni, amelewa, amelala. Asubuhi ameamka, pengine kichwa kizito, kama asubuhi nyingine yoyote. Anakunywa chai. Kwa kawaida sumu ya methanoli hujionyesha baada ya saa 12 hadi 24, na ikiwa alichanganya na pombe ya kawaida yaweza kuchelewa zaidi. Ndipo tumbo linapoanza kuuma, anatapika, anapumua haraka kama aliyekimbia. Na macho: anasema anaona ukungu, au anaona weupe kila upande, au anauliza kwa nini mmezima taa mchana. Alama hiyo ya macho ishikeni vichwani. Malaria haifanyi hivyo, wala uchovu wa pombe ya jana haufanyi hivyo. Mtu aliyekunywa jana na leo haoni vizuri anatakiwa awe njiani kuelekea hospitali sasa hivi, si baada ya chakula.

Hospitalini zipo njia za kumsaidia: ipo dawa ya kulizuia ini lisiigeuze methanoli kuwa asidi, zipo dawa za kuirekebisha damu, na kwa aliyezidiwa ipo mashine ya kuchuja damu katika hospitali kubwa. Zote zina faida zaidi saa za mwanzo. Kituo cha afya kilicho karibu kitampokea na kumpeleka Hospitali ya Koboko, na ikihitajika Hospitali ya Rufaa ya Arua. Wapo wanaosema mgonjwa aongezewe pombe ili pombe iifukuze pombe. Ni kweli kwamba madaktari wana njia ya kutumia ethanoli iliyopimwa kama dawa, lakini mwenye chupa nyumbani hajui amebeba nini, na huenda akamwongezea ileile iliyomlaza.

Kwa nini basi watu hucheleweshwa? Sababu mbili tumezisikia katika vikao vingi vya vijiji, na zote mbili ni za aibu na hofu, si za umaskini wa nauli peke yake.

Ya kwanza ni dini na heshima. Nyumba nyingi hapa Midia ni za Waislamu, na nyingine ni za walokole, ambao pombe kwao ni haramu au ni dhambi. Kijana wa nyumba hiyo akiugua kwa pombe, wazazi wake hawatamki neno pombe. Husema ana malaria. Mganga naye humtibu malaria, kwa kuwa ndiyo aliyoambiwa. Tunawasihi mashehe na wachungaji waliopo watusaidie hapa, maana sauti yao itaingia mahali ambapo yetu haiingii. Heshima ya nyumba haiharibiki kwa kumwambia mganga faraghani kile mtoto alichokunywa.

Ya pili ni sisi. Watu wanaogopa kwamba wakisema walikunywa wapi, polisi watakuja kumkamata mama aliyeuza, ambaye ni shangazi yao, au watamkamata aliyemleta mgonjwa, au mgonjwa mwenyewe. Tunajua hofu hiyo ipo na hatutajifanya hatuijui. Kwa hiyo tunasema mbele ya viongozi wenu, ili mje mtudai: mtu atakayemleta mgonjwa wa pombe hospitalini hatutamkamata kwa kumleta, na mgonjwa hatutamhoji mpaka daktari aseme yuko tayari. Muuzaji mdogo atakayekuja mwenyewe na kusema, bidhaa hii niliuziwa na fulani na watu wameugua, kwetu ni shahidi kwanza. Tunayemtafuta ni yule aliyeiingiza kemikali, na hatutampata bila huyu mdogo. Hatuahidi kwamba hakuna atakayeshtakiwa kamwe. Aliyejua watu wanakufa akaendelea kuuza atashtakiwa. Hilo nalo mlijue leo.

Baadhi yenu mtauliza, kwa nini serikali isifunge tena yote? Tumeulizwa hivyo na akina mama hasa, na tunaelewa linatoka wapi. Rai yetu ni kwamba kufungwa kwa baa kulionyesha uwezo wa amri na mipaka yake kwa wakati mmoja. Na wapo miongoni mwenu akina mama wanaolipa karo kwa chungu cha waragi. Kumwambia mama huyo aache bila kumwonyesha kazi nyingine ni kumwambia ahamie usiku zaidi, na usiku ndiko mwenye kemikali anakomngoja, akimwambia: usichoke kupika siku tatu, chukua hii, ongeza maji. Afadhali kwetu mama huyo ajulikane na LC wake, auze mchana, auze kwete kuliko waragi, na asiguse kamwe kitu cha dukani cha kuongeza.

Yapo madhara mengine ambayo hayaji na kelele. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019, na vingi si vya sumu bali vya ini, moyo, saratani na ajali. Mnywaji wa kupindukia hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na aliye kwenye dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI husahau kuzimeza. Mama mjamzito hana kipimo cha pombe kilicho salama kwa mtoto. Haya wahudumu wa afya wa vijiji watawaeleza vizuri kuliko sisi.

Tusimamie kidogo mpakani, kwa kuwa ndipo tunapoishi. Uganda ilipiga marufuku waragi wa vifuko vya plastiki mwaka 2019. Kenya ilikuwa imekwisha kufanya hivyo zamani, na Tanzania iliviondoa viroba tarehe 1 Machi 2017. Sababu ilikuwa moja kote: kifuko ni cha bei ya chini, hufichika mfukoni mwa sare ya shule, na hunywewa kwa mkupuo mmoja. Marufuku hii, tofauti na ile ya baa, haijaondolewa. Lakini ninyi mnajua, nasi tunajua, kwamba vifuko bado vinapita. Watu wetu ni wamoja pande tatu. Mkakwa ana mjomba Ingbokolo, ana shemeji Yei, na siku ya soko la Ariwara njia hujaa. Hatuwezi kuweka askari kwenye kila njia ya panya, na hata tungeweza, askari hawezi kupekua kila furushi la bibi arudiye kutoka msibani. Anayeweza ni yule anayejua mtoto gani wa darasa la sita ananukia waragi na kifuko alikinunua kwa nani. Sheria ya upande mmoja wa mto ikiwa kali na ya upande wa pili ikiwa legevu, mtoto ndiye anayeumia. Kwa hiyo tumewaomba pia wazee wa upande wa pili waliofika leo, nao tunawashukuru kwa kuja, waseme na wauzaji wao juu ya watoto, hata kama juu ya watu wazima tutatofautiana.

Mwisho ni maelekezo mafupi. Mtu akiugua baada ya kunywa, namba za dharura ni 999 na 112, lakini msisubiri gari letu ikiwa boda boda ipo mlangoni. Mmpigie simu mwenyekiti wa LC1 mkiwa njiani, na mwulizeni nani mwingine alikunywa mahali pale, kwa maana huenda yupo mtu amelala nyumbani akidhani ni uchovu. Watu hao wote wapelekwe, hata wasiolalamika bado. Na kinywaji kilichobaki msikimwage, hata kwa hasira. Kileteni kama kilivyo, na chupa yake, na kifuniko chake, na karatasi yake ikiwa ipo. Mkabidhini mganga au askari wa kwanza mtakayemwona, mwambieni kilinunuliwa wapi na saa ngapi, kisha mrudi kwa mgonjwa wenu.